Sikio la Kinoo

Francistown, Botswana
2 Februari 2025

Shemeji Njambi,

Leo ni Jumapili, na mwezi huu natimiza miaka arobaini na moja tangu niondoke Nairobi. Tarehe naiandika kwa makini kwa sababu barua yako haikuwa nayo. Ilinibidi niikisie kwa muhuri wa posta, na muhuri wenyewe umefifia. Lakini mwandiko niliutambua kabla sijafungua bahasha. Bado mkia wa herufi yako ya j hufika mstari wa chini.

Pole tena kwa ajili ya mume wako Wainaina. Alipofariki nilituma rambirambi, lakini rambirambi ni kitu kifupi. Haikuwa na nafasi ya kueleza alivyonipokea Kinoo, kijana kutoka Siaya asiyemiliki sweta, akanipa chumba cha nyuma na blanketi mbili, akasema, "Hapa Julai haina utani."

Unasema Sikio limenyamaza. Niliposoma hivyo niliweka barua mezani nikakaa. Nilidhani mashine ile ilikufa zamani, ikauzwa kwa kilo. Kumbe miaka yote imekuwa stoo kwako, chombo chake kimezikwa chini ya sakafu, kalamu yake ikiandika kila lori linalopanda Waiyaki Way na kila mara Bonde la Ufa linapojinyoosha usingizini. Wainaina na mimi tuliiunda kwa vitu vilivyotupwa na maabara ya chuo, tukaiita Sikio kwa kuwa ilisikiliza ardhi. Wewe ulisema ni cherehani iliyorukwa na akili.

Unaniomba nije niifungue. Hakuna haja ya kuja. Kutokana na ulivyoeleza, ile harufu ya kuungua na taa nyekundu iliyozimika, kilichokufa ni kisanduku cha umeme, si Sikio lenyewe. Usitafute kingine kama hicho. Kiwanda kilichokitengeneza kilifungwa kabla binti yako Shiko hajazaliwa.

Kisanduku kile kilikuwa na kazi mbili. Kalamu ya Sikio hukaa katikati ya karatasi. Ardhi ikisukuma, inapanda; ardhi ikivuta, inashuka. Ili ipande inahitaji umeme wa chanya, ili ishuke inahitaji wa hasi, na katikati panatakiwa sufuri, mahali pa kalamu kupumzika. Kisanduku kimoja kilitoa vyote. Siku hizi utavitoa kwa adapta mbili za kawaida za volti kumi na mbili, zile ndogo za plastiki zinazouzwa kwa ajili ya mashine za intaneti. Zamani zilikuwa volti kumi na tano, lakini kumi na mbili zinatosha. Kalamu itaandika vilevile, ila kwenye tetemeko kubwa sana itafika kikomo chake mapema kidogo.

Chukua waya wa hasi wa adapta ya kwanza na waya wa chanya wa adapta ya pili, uziunge pamoja. Hapo zilipoungana ndipo sufuri. Chanya iliyobaki itakuwa juu, hasi iliyobaki itakuwa chini. Nyuma ya Sikio kuna skrubu tatu; Wainaina aliziandika juu, sufuri na chini kwa rangi ya kucha uliyokuwa ukiitafuta. Adapta zote mbili ziwashwe kwa swichi moja, kwa wakati mmoja, la sivyo kalamu itaruka upande.

Adapta utazipata mtaa wa Luthuli. Pita jengo la Nyaraka za Taifa, vuka barabara ya Tom Mboya, ingia kwa juu. Mkono wa kushoto kuna duka la mlango wa kijani, la Bwana Mbithi. Mwambie umetumwa na Odero wa maabara.

Mimi ni mzima. Mvua imenyesha kidogo.

Shemeji yako,
Odero


Kinoo
11 Machi 2025

Shemeji Odero,

Nimefuata kila mstari wa barua yako, kwa hivyo shida iliyotokea ni ya kwako.

Nilienda mjini Jumanne iliyopita. Westlands nilipita chini ya ile barabara ya juu. Sijui kama umeiona kwenye picha, inapita hewani kama mtu aliyekataa kusalimia. Luthuli sasa imepangwa, kuna matofali na miti na viti, magari yanaenda upande mmoja tu. Niliingia kwa juu, nikatazama kushoto. Mlango wa kijani hakuna. Jengo lipo, lakini ndani limekatwakatwa vibanda kama mzinga. Pale pa Bwana Mbithi wasichana wanauza kava za simu. Nikamuuliza bawabu.

"Mbithi yupi, mathe? Mimi nimekuja hapa juzi tu."

"Juzi lini?"

"Elfu mbili na kumi na tano."

Nikajua ramani yako imeniishia. Nikazunguka mpaka nikapata kijana mmoja, Kaindi, ana kibanda kimejaa nyaya hadi kwenye dari.

"Nikusaidie na nini, mathe?"

"Adapta mbili za volti kumi na mbili."

"Za waifai ama za kamera?"

"Za Sikio."

Akaniangalia. "Hiyo ni kampuni mpya?"

Nikamwambia ni mashine ya zamani ya mume wangu, inataka umeme wa chanya na wa hasi. Akasema, "Sasa mbili za nini, na hii boksi moja iko na midomo nne? Chukua hii. Midomo mbili zinabaki, siku ukitaka kamera ya geti huna haja ya kurudi kwangu." Wewe unanijua, Odero. Mtu akiniambia kitu kimoja kinafanya kazi ya vinne, mkono wangu unaingia kwa mkoba wenyewe.

Nyaya haziniogopeshi. Nilikaa kwenye ubao wa simu pale Posta mpaka nikapata mvi, nikiunganisha watu wa Kisumu na watu wa London. Nilitoa nyaya kutoka midomo miwili, nikaunga hasi ya mmoja na chanya ya mwingine kama ulivyosema, nikafunga kwenye skrubu. Rangi ya kucha bado ipo. Kumbe ndiko ilikoendea.

Nikawasha. Kalamu haikusogea hata unywele mmoja. Lakini lile boksi likaanza kupepesa taa yake ya kijani, ikiwaka na kuzima, na ndani likawa linasema ti, ti, ti, kama mtu mwenye kwikwi. Nikalizima, nikalifunika na kitambaa. Shiko alikuja kutoka Hurlingham Jumapili, akasema, "Mami, hiyo kitu itatuchomea nyumba, si uitupe uhamie kwangu." Nyumba yake iko ghorofa ya saba. Mtu akikaa ghorofa ya saba ardhi ataisikia na nini?

Neno la mwisho. Umeniandikia kurasa mbili za nyaya na mstari mmoja wa mvua. Nilikuuliza kama utakuja, ukanijibu hakuna haja. Haja ya nani?

Ni mimi,
Mama Shiko


Francistown
6 Aprili 2025

Shemeji Njambi,

Shida ni ya kwangu, nakubali. Wakati wangu hapakuwa na boksi la midomo minne, kwa hiyo sikufikiri kukuonya juu yake. Midomo ile ni minne lakini tumbo ni moja: hasi zote zimefungwa pamoja huko ndani. Ulipounga hasi ya mmoja na chanya ya mwingine, ulilifanya boksi lijiume mkono. Kwikwi uliyoisikia ni ya kujikinga. Linajaribu kuwaka, linahisi maumivu, linazima, linajaribu tena. Halijafa. Mrudishie Kaindi, mwambie unataka adapta mbili ambazo hazijuani kabisa, kila moja na plagi yake na tumbo lake. Lazima ziwe ngeni kwa kila kitu isipokuwa pale unapoziunganisha wewe.

Nashukuru kwa habari za Luthuli. Tangu barua yako ije nalala kidogo baada ya chakula cha mchana, na usingizi unanipeleka huko. Jana nilikuwa natoka maabara kwa miguu. Nilipita Westlands, nikapanda Waiyaki Way kwenye njia ya udongo kando ya lami. Hapakuwa na barabara ya juu. Nilitazama angani kuitafuta na kulikuwa na mwewe mmoja tu. Nilipofika upande wa Loresho mibuni ilikuwa imechanua, maua meupe kote, na harufu yake ilikuwa nzito hata nikapunguza mwendo. Wanawake wawili walikuwa wakishuka na mizigo ya majani ya ng'ombe mgongoni, wakacheka kitu. Kangemi, Uthiru, halafu ile baridi inayoanza ghafla kama mlango wa friji. Nilifika langoni kwenu. Niliona mwanga wa stoo. Niliamka mkono ukiwa hewani, nikitaka kubisha.

Najua mibuni ya Loresho iling'olewa. Wainaina aliniandikia zamani. Lakini usingizini hakuna aliyenipa habari.

Ukishafunga adapta, fanya jaribio hili. Kando ya ngoma ya karatasi kuna kijiti cha shaba. Kisukume kulia, ngoma itazunguka kwa kasi. Kisha tembea kutoka mlango wa stoo hadi dirishani, polepole, urudi. Kata kipande hicho cha karatasi unitumie. Nikikiona nitajua kama Sikio limepona.

Kuhusu kuja, tuone kwanza Sikio.

Wako,
Odero


Kinoo
20 Mei 2025

Odero,

Shemeji nimeliacha, kwa sababu ninayotaka kusema hayasemwi kwa shemeji.

Kwanza kazi. Kaindi alicheka kidogo. "Si ungeniambia unataka kuziunganisha, mathe. Hiyo boksi ya kamera midomo zote ziko na nega moja, hasi moja tu." Nikamwambia mimi nilitumwa na mtu aliye Botswana. Akasema, "Sasa huyo wa Botswana si aje." Nilimwambia ndiyo maneno yangu pia. Akabadilisha bila kelele, akanipa mbili ndogo nyeusi za plastiki, na akaziunganisha pale kwa kaunta akapima na mita yake ili nione: juu kumi na mbili, chini kumi na mbili, katikati sufuri.

Nyumbani nilizichomeka zote kwa ekstensheni moja. Nilibonyeza swichi mara moja. Kalamu ikashtuka, ikapanda, ikashuka, ikatafuta, halafu ikatulia katikati kabisa. Ikakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani imekufa tena. Kisha lori likapita kule barabarani, na ikaandika.

Nilikaa kwenye kigoda cha Wainaina mpaka chai ikapoa. Tangu alipoondoka nimekuwa nikibadilisha karatasi kila asubuhi kama alivyofanya. Sizisomi, sijui kuzisoma. Lakini kelele ile ndogo ya kalamu ndiyo ilikuwa mtu wa pili nyumbani. Iliponyamaza, niligundua kwamba nilikuwa nikizungumza na kelele.

Kipande ulichoomba kimo humu ndani. Nilitembea kama ulivyosema.

Sasa nisikilize. Hapa Kinoo kuna mafundi watatu kabla hujafika steji ya matatu. Mmoja ni mkwe wa pasta wetu, anatengeneza hata mashine za hospitali. Ningemwita Januari, angemaliza kabla ya chakula. Sikukuandikia kwa sababu ya kisanduku. Nilitafuta anwani yako kwenye ile kadi ya rambirambi kwa sababu mke wako alikwisha kufa, na mume wangu alikwisha kufa, na hakuna mtu mwingine aliye hai anayejua kwamba niliita kile kitu cherehani.

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Wapangaji waliokuwemo walihama Februari na sijaweka wengine, ingawa watu wanabisha kila wiki. Hakuna mtu wa kuuliza maswali. Tumeshazeeka, watu watasema ni vizuri. Asubuhi utanisomea karatasi ya Sikio. Mimi nitapika. Ukichoka na mapishi yangu, kuna Shiko wa kulalamikia.

Uliniambia tuone kwanza Sikio. Sikio limepona. Pazia ziwe za rangi gani?

Njambi


Francistown
15 Juni 2025

Njambi,

Karatasi ilifika bila kukunjika. Niliitandaza dirishani nikaisoma mchana kutwa, kwa lenzi.

Mwanzoni kuna lori, linapanda. Mwendo wake ni mzito na unabadilika palepale ilipo ile pinda kabla ya stendi. Kwa hiyo pinda ipo bado. Kuna wimbi refu, dogo sana, linaloinuka na kushuka chini ya mambo mengine yote. Hilo si la Kinoo. Ni ardhi iliyotikisika mahali mbali, labda ng'ambo ya bahari, na habari zake zikakufikia ukiwa umesimama stoo na viatu vya ndani. Sikio limepona.

Halafu kuna wewe. Nakuona unaondoka mlangoni. Nahesabu hatua zako kwenda dirishani. Njambi, hatua zako si sawa. Moja inaandika kilima kirefu, inayofuata kidogo, halafu kirefu, halafu kidogo. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaogopa. Ulipogeuka dirishani kuna mahali patupu, kama mtu aliyeshika ukuta akipumua. Hukuniambia.

Je, ni goti au nyonga? Ni tangu lini?

Wewe niliyekuacha ulikuwa ukishuka hadi kisimani ukirudi na mtungi bila kumwaga tone. Nimekuwa nikikuwaza hivyo. Karatasi hii ndiyo kitu cha kwanza kinachoniambia ukweli juu ya Kinoo tangu mwaka nilioondoka, na nimeiweka kwenye Biblia.

Kijani. Pazia ziwe kijani, ile ya majani ya chai, isiyong'aa.

Odero


Kinoo
8 Julai 2025

Odero,

Ni nyonga. Nilianguka Desemba nikitoka kanisani, mbele ya kwaya nzima, na kitenge kipya. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje kumuuguza mtu. Wala sasa usije kwa ajili ya mguu. Mguu una daktari wake kule hospitali ya Kikuyu na fimbo yake. Sikujua kwamba nikikutumia karatasi nakutumia na nyonga. Wainaina hakuwahi kuniambia kwamba kitu kile kinaona watu. Nashangaa aliona nini, miaka yote hiyo.

Pazia zimeshonwa. Shiko ndiye alinunua kitambaa, baada ya kuninunia siku mbili. Alisema, "Mami, huyu mzee atakuja kweli ama ni stori za barua?" Nikamwambia mtu asiyekuja hachagui rangi ya pazia.

Nimewaambia akina mama wa kanisa. Mmoja aliuliza, "Mjaluo?" Nikamwambia ndiyo, aliyekuwa akila githeri yangu wakati nyinyi mlikuwa mkipeleka zenu kwa mbwa. Wakacheka, yakaisha.

Sasa ni baridi, ukungu haupandi mpaka saa tano. Subiri Agosti iishe. Septemba jua linarudi. Shiko atakupokea uwanja wa ndege na gari lake, usihangaike na teksi.

Niambie tarehe, nimwambie aombe ruhusa kazini.

Njambi


Francistown
3 Agosti 2025

Njambi,

Barua hii nimeianza mara nyingi.

Kuna mtu anaishi nami ambaye sikukutajia. Anaitwa Mma Gaone. Ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, Sethunya. Wazazi wao walipokufa yeye ndiye aliyemlea Sethunya, akamsomesha kwa kuuza maziwa, na hakuwahi kuolewa mpaka ikawa amechelewa. Gaone, mtoto wake wa pekee, alifia migodini Afrika Kusini. Macho ya Mma Gaone yalipofuka kabisa miaka mitano iliyopita. Sethunya alipokuwa hospitali aliniomba jambo moja tu, kwamba dada yake asipelekwe kwa watu asiowajua. Nilikubali. Haikuwa vigumu, nilikuwa nimekaa nao kuliko nilivyokaa na mtu yeyote duniani.

Yeye hunijua kwa mwendo. Nikiingia kutoka bustanini husema kwa Kisetswana, "Leo umechoka," kabla sijafungua mdomo. Jioni namsomea gazeti, matangazo ya vifo kwanza, kisha bei za ng'ombe. Hana ng'ombe tena, lakini anapenda kujua. Lugha yake naisoma kwa lafudhi ya Siaya, na anacheka palepale kila siku. Majira haya anapata kikohozi, na nikienda dukani nikakawia, nikirudi namkuta amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

Nilipaswa kukueleza katika barua ya kwanza. Uliniuliza wazi, nami nikakupa volti. Nikaandika tuone kwanza Sikio, nikijua Sikio lingepona. Halafu ukauliza rangi ya pazia, na sikuweza kujizuia. Nilitaka, kwa muda wa barua moja, kuwa mtu anayechagua pazia za chumba chake Kinoo. Niliuliza hata ofisi ya ndege hapa mjini. Binti wa pale aliandika safari yote kwenye karatasi, Gaborone, Johannesburg, Nairobi, akaniambia kwa heshima ya huku, "Utapenda kiti cha dirishani, rra?" Nikasema ndiyo. Nilitembea na karatasi ile mfukoni wiki mbili.

Ungeweza kuniambia nije naye. Najua ungesema hivyo, kwa hiyo nilimuuliza. Nilimweleza juu yako, juu ya chumba na baridi na mashine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huko, nikienda msalani asubuhi, ni hatua ngapi?" Sikujua. Hapa anajua kila mlango, kila jiwe hadi kwenye kaburi la mdogo wake nyuma ya kanisa, ambako huenda peke yake Jumamosi na kamba aliyofungiwa kwenye uzio. Akasema, "Nenda wewe, rra. Mimi nitakaa." Aliposema hivyo alikuwa akikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja tena. Hatukulizungumzia tena.

Tangu hapo usingizi wa mchana haunipeleki Loresho. Hunipeleka mpaka kwenye lango lako na kuniacha nje. Naona mwanga wa stoo, nasikia kalamu. Nakuona ukipita kati ya mlango na dirisha, hatua moja kubwa na moja ndogo, na naomba ushike ukuta. Sijui kama huo ni upendo wa namna anayoihitaji mtu mwenye nyonga mbovu. Nadhani unahitaji mkono wa kushika, na mkono wangu uko kilomita elfu tatu kutoka hapo, umeshikwa na mtu mwingine.

Usingoje Septemba. Mwambie Shiko asiombe ruhusa. Alikuwa na haki ya kununa. Na akina mama wa kanisa waambie ukweli, kwamba Mjaluo aliahidi kwa pazia akavunja kwa barua. Wacheke, yaishe. Wewe ukikasirika, kasirika mpaka umalize. Usiniandikie kwa upole kabla hujamaliza.

Watu bado wanabisha, ulisema. Mfungulie mmoja wao. Tafuta mwenye miguu mizuri na kazi ya karibu, muuguzi au mwalimu, mtu atakayesikia ukianguka. Chumba kile kina jua la asubuhi. Nilikaa humo nikiwa kijana na najua. Usikiweke kitupu kwa ajili yangu hata wiki moja zaidi.

Njambi, mimi sitarudi.

Odero